Sarafu ya Tabora na Kibandiko Chenye Kosa: Je, Kisahihishwe?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mara hii tunawaomba radhi kwa kuahirisha somo letu la kawaida. Sababu ni swali tuliloulizwa na mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la jioni hapa Buyenzi, Bujumbura, kijana wa miaka 16, ambaye baada ya swala ya Isha alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akafungua mkoba wake na kutoa kitu kilichofungwa ndani ya soksi. Kilikuwa ni kasha bapa la plastiki ngumu, dogo kuliko kiganja, na ndani yake mna sarafu ya dhahabu. Upande mmoja tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake milima, na mwaka 1916. Upande wa pili tai wa Wajerumani. Juu ya sarafu, ndani ya kasha hilo hilo, kuna kibandiko cha karatasi kilichoandikwa nchi iliyotoa sarafu, thamani yake ambayo ni rupia 15, mwaka, na namba 58.

Sarafu hiyo ni urithi. Mama yake babu yake alizaliwa Ujiji, akaja Bujumbura kama walivyokuja wazee wengi wa mtaa huu, na sarafu hiyo alikuwa akiivaa shingoni. Sonara alikuwa ameilehemu kishikio juu ya ukingo ili ipite mkufu. Alipofariki bibi huyo, Mwenyezi Mungu amrehemu, familia ilimpelekea sonara mwingine akakiondoa kishikio na kuusugua ukingo kwa tupa mpaka ukawa laini. Kazi ilifanywa vizuri mno. Miaka mingi baadaye ndugu yao anayeishi Ubelgiji aliichukua sarafu, akaituma Marekani kwa kampuni moja inayotathmini sarafu za kale, nayo ikarudi ndani ya kasha na namba yake 58, bila neno lolote kuhusu kishikio. Kampuni hiyo hatuitaji na wala hatuituhumu. Iliandika ilichokiona.

Sasa amepatikana mnunuzi Ulaya, tayari kutoa bei ya namba 58. Dada yake kijana huyu amekubaliwa chuo cha uuguzi na ada haijapatikana. Kwa desturi ya kazi hiyo ya kutathmini, sarafu iliyowahi kulehemiwa haipewi namba safi. Huandikwa kwamba kishikio kimeondolewa, na bei yake hushuka sana. Nyumbani kwao pamekuwa na mvutano. Kijana akatuuliza hivi: "Maalim, namba wameandika wataalamu, si sisi. Babu anasema kibandiko kile ni uongo. Baba anasema hata kama ni uongo, si uongo wetu. Nani yuko sawa?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwomba atupe siku chache, tukarudi kwenye vitabu, na tulivyozidi kusoma tuliona kwamba swali lake lina umri mkubwa kuliko plastiki ile na kuliko Tabora yenyewe. Ndiyo maana tumeona tuwashirikishe.

Sarafu yenyewe ilitoka wapi

Kwanza tuwaeleze watoto wetu habari ya sarafu hii, kwani ni sehemu ya historia ya nchi zetu. Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa zote ndani ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Fedha yao ilikuwa rupia, na kuanzia mwaka 1904 rupia moja iligawanywa kwa heller 100. Kabla ya hapo rupia ilikuwa na pesa 64. Neno heller ndilo lililotuachia "hela", ambayo hadi leo watoto hutuomba kila asubuhi bila kujua kwamba wanataja sarafu ya Mjerumani.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza zilifunga njia ya bahari na sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Serikali ya koloni ikachapa noti za dharura, na watu wengi hawakuziamini. Hapo ndipo karakana ya reli ya Tabora ilipogeuzwa kiwanda cha sarafu. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, kwa hiyo mitambo na mafundi walikuwepo. Mwaka 1916 walipiga chapa sarafu za shaba za heller 5 na heller 20, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga chapa sarafu hii ya rupia 15. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Zilitengenezwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo, yaliyokuwa yamekwisha kupita Rwanda na Burundi, yaliingia Tabora, na kazi ile ikaisha.

Hata katika idadi hiyo ndogo kuna aina mbili. Ukilitazama pambo lililo karibu na maandishi OSTAFRIKA, katika baadhi ya sarafu mkia wa pambo unaishia chini ya herufi T, na katika nyingine unaishia chini ya herufi A. Aina moja ilitengenezwa vipande 9,803 na nyingine 6,395. Tofauti hiyo inahitaji kioo cha kukuzia. Mwandishi wa vibandiko aliyechoka jioni anaweza kuandika T mahali pa A, na mtu akalipia kitu ambacho hakimo ndani ya kasha.

Nani huitolea sarafu ushahidi

Wanafunzi wetu wanajua kwamba Khalifa Abdul-Malik bin Marwan ndiye aliyetoa dinari ya kwanza isiyo na picha, yenye maneno matupu, mwaka 77 Hijria, sawa na 696 hadi 697 Miladi. Uzito wake uliwekwa kuwa karibu gramu 4.25. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jina la khalifa na tamko la imani juu ya dhahabu havikumfanya mfanyabiashara aache mizani yake. Sarafu zilikwanguliwa pembeni, zilichakaa, nyingine zilikuwa bandia. Kwa hiyo watu walizipima. Misri walitengeneza vipimo vya kioo vyenye majina ya magavana, vidogo kama kitufe, vya kupimia sarafu, na vingi vimo katika majumba ya makumbusho hadi leo. Palikuwa na sarrafu, mtu wa kubadilisha na kukagua fedha, ambaye jina la kazi yake ni la ukoo mmoja na neno letu "sarafu".

Lakini kupima dinari moja moja katika soko lenye shughuli nyingi ni adhabu. Barua na hati za wafanyabiashara wa karne ya 11 hadi ya 13 zilizohifadhiwa katika sinagogi moja la Fustat, Cairo ya kale, zinatuonyesha walivyotatua tatizo hilo. Nyingi ziliandikwa na Mayahudi waliofanya biashara pamoja na Waislamu katika bahari hizo hizo, na mwanachuoni S. D. Goitein alizichambua katika majuzuu aliyoanza kuyatoa mwaka 1967. Dinari zilihesabiwa na kupimwa na mtu aliyeaminiwa, zikatiwa katika mfuko mdogo, mfuko ukapigwa muhuri, na nje yake pakaandikwa thamani iliyomo. Kuanzia hapo mfuko ulipita mkono hadi mkono bila kufunguliwa. Watu walilipana maandishi ya nje.

Tulipoisoma habari hiyo tulicheka, kwa sababu mfuko ule ndio kasha la plastiki la leo. Faida yake ni ile ile: watu wasiojuana, mmoja Bujumbura na mwingine Ulaya, wanaweza kuuziana. Na hatari yake ni ile ile pia. Aliyeshika mfuko hatazami tena ndani.

Huko Marekani mambo yalikwenda hivi. Mwaka 1949 mtu aitwaye William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za zamani za nchi hiyo, akaweka kipimo cha namba 1 hadi 70. Namba 1 ni sarafu iliyochakaa hata haitambuliki ila kwa taabu, na 70 ni kamili kabisa. Hesabu yake ilikuwa kwamba ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya 1. Baadaye chama cha wakusanyaji kikakitumia kipimo hicho kwa sarafu zote. Mwaka 1986 kampuni ya PCGS ilianza kuzifungia sarafu ndani ya plastiki pamoja na namba zao, na mwaka 1987 ikafuata NGC. Tangu hapo biashara kubwa ya sarafu za kale inapita kwa vibandiko.

Na hapa kuna jambo la kusikitisha ambalo hatuwezi kulipita. Sheldon huyo huyo, baada ya kufariki mwaka 1977, iligunduliwa kwamba alikuwa akichukua senti nzuri kutoka hazina ya chama cha elimu ya sarafu cha New York na kuweka za hali ya chini mahali pake. Kesi ya senti hizo ilifika mahakamani California katika miaka ya 1990. Yaani aliyewafundisha watu kupima, mwenyewe alibadilisha kilichopimwa, na karatasi za maelezo katika hazina ile zikabaki zikisema habari ya sarafu ambazo hazikuwepo tena. Waliomfichua ni watu waliokwenda na picha za zamani na kulinganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Si kila maandishi yasiyo sahihi ni udanganyifu

Kabla ya kuhukumu ni vizuri kutofautisha. Wazee wetu wa pwani waliitumia sana reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia mnene. Sarafu hiyo ina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Lakini iliendelea kupigwa chapa kwa mwaka huo huo 1780 katika karne ya 19 na ya 20, Vienna, na baadaye hata Roma, London na Bombay, kwa sababu watu wa Bahari ya Sham na Afrika Mashariki hawakutaka kupokea nyingine. Mwaka ule si kweli, lakini hakuna aliyedanganyika, maana kilichouzwa kilikuwa fedha na uzito wake, na vyote viwili vilikuwa vile vile.

Kuna pia kosa la ujinga mtupu. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna dinari ya dhahabu ya mfalme Offa wa Mercia, huko Uingereza, iliyonakiliwa kutoka dinari ya Khalifa Al-Mansur ya mwaka 157 Hijria. Fundi alinakili maandishi ya Kiarabu bila kuyajua, pamoja na tamko la upweke wa Allah, kisha akachomeka jina la mfalme wake katikati, kichwa chini miguu juu ukilinganisha na Kiarabu. Maskini hakujua upande upi ni wa juu.

Makosa ya namna hii hayajaisha. Sarafu za shaba za Sayyid Barghash wa Zanzibar zina mwaka 1299, na nyingine 1304, kwa tarakimu za Kiarabu. Hiyo ni Hijria, yaani takriban 1882 na 1887 Miladi. Pesa ya kampuni ya Wajerumani ya mwaka 1890 ina Kiarabu upande mmoja pamoja na 1307, na upande wa pili 1890. Asiyejua atadhani ni miaka miwili tofauti. Ukimpa sarafu kama hizi mtu asiyesoma tarakimu hizo, usishangae akiandika kibandiko kibaya, na mtoto wa juzuu ya kwanza wa madrasa yoyote ya mtaa huu anaweza kumsahihisha. Tunalisema hili kwa wale wazazi wanaotuuliza kila mwaka mtoto atafaidika nini na Kiarabu duniani.

Kwa kuwa tumeitaja shaba ya Sayyid Barghash, tuseme na picha iliyo juu yake: ni mizani. Kila aliyenunua kitoweo Zanzibar kwa sarafu ile alikuwa ameshika mizani mkononi.

Turudi kwa kijana wetu

Hoja ya baba yake si ya kupuuzwa, na sisi hatupendi mtindo wa kumfanya mzazi aonekane mwovu mbele ya mwanawe. Anasema: hatukuomba namba 58, hatukumhonga mtu, kampuni ina wataalamu na vioo vya kukuzia, na mnunuzi anategemea kampuni, hatutegemei sisi. Tena kampuni hizo hutoa dhamana, kwamba zikikosea katika kutathmini hulipa. Hasara yote basi itawaangukia wao.

Tumeifikiria hoja hii kwa makini. Makosa ya wazi, kama mwaka ulioandikwa vibaya, kampuni zenyewe huyatoa nje ya dhamana, kwa sababu mnunuzi anaweza kuyaona kwa macho yake. Wakusanyaji wazoefu husema, nunua sarafu, usinunue kasha. Lau kosa lingekuwa la namna hiyo, angalau mnunuzi angekuwa na nafasi ya kujilinda. Lakini ukingo wa sarafu ndani ya kasha umefunikwa kwa sehemu, na sonara aliyeuziba alikuwa hodari. Katika dunia nzima wanaojua kwamba pale juu palikuwa na kishikio ni watu wa nyumba moja ya Buyenzi, na sasa na sisi. Kuna picha ya studio, nyeusi na nyeupe, bibi amekaa kitini na sarafu iko kifuani pake. Babu anakumbuka akiwa mtoto akiishika na kuizungusha. Huo ni ushahidi ambao wataalamu hawakupewa. Kwa hiyo si kweli kwamba wao wanajua zaidi.

Hapa tulimkumbuka Sahaba Wathila bin Al-Asqa' (R.A.). Imepokewa kwamba mtu mmoja aliuza ngamia, na Wathila alikuwepo. Mnunuzi alipokuwa anaondoka Wathila alimfuata, akamuuliza kama anamtaka ngamia kwa nyama au kwa safari. Aliposema kwa safari, alimwambia kwamba ngamia yule ana tundu katika wayo na hatamudu mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akamlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara. Jibu lake lilikuwa kwamba amemsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa si halali kwa muuzaji kuuza kitu bila kubainisha kasoro yake, na si halali kwa anayeijua kasoro hiyo kunyamaza. Tazameni, Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi wala hakumtoboa ngamia wayo. Alikuwa anajua tu. Kwa habari hii tunaona babu yuko sawa, na baba yuko sawa nusu: uongo haukuwa wao mpaka siku walipoujua na kukaa nao kimya ili wapate bei.

Itasemwa kwamba mnunuzi ameridhika. Aliridhika vile vile yule bedui aliyenunua joho kwa mpwa wa Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa Basra, kwa dirhamu 400 ilhali lilikuwa la 200. Yunus alikutana naye njiani akitoka msikitini, akalitambua joho lake. Bedui alisema kwamba kwao joho kama lile ni 500 na yeye ameridhika kwa roho yake. Yunus hakukubali, alimrudisha dukani akampa dirhamu zake 200, kisha akamgombeza mpwa wake.

Na jambo hili lina upande wa pili, ambao wanunuzi huusahau. Kibandiko kikikosea kwa kushusha thamani, na mnunuzi akajua na muuzaji hajui? Jarir bin Abdillah (R.A.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwendea mwenye farasi na kumwambia mnyama wako ni bora kuliko bei hiyo, akawa anampandishia mwenyewe mpaka 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Sisi wenyewe tukijiuliza kama tungeweza kufanya hivyo tunaona haya kujibu.

Kumwambia mnunuzi kunatosha?

Tulipofika hapa tulidhani kazi imekwisha: mnunuzi aelezwe, bei ipangwe upya, kasha liuzwe lilivyo. Kuituma tena sarafu Marekani ni gharama ya posta, bima na ada, na hatuoni kwamba mtu analazimika kulipa fedha nyingi ili kusahihisha karatasi ambayo hakuiandika. Hivyo ndivyo tulivyokusudia kumjibu kijana.

Kilichotuzuia ni Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladi. Katika Ihya, kwenye mlango wa adabu za kuchuma, anazungumzia dirhamu mbovu inayomwangukia mtu mkononi. Ananukuu kauli kwamba kuitoa dirhamu moja ya bandia ni kubaya zaidi kuliko kuiba dirhamu 100, kwa sababu wizi ni kitendo kimoja kilichokwisha, lakini dirhamu mbovu huendelea kuzunguka, pengine miaka mia, baada ya aliyeitoa kuingia kaburini, na kila inapomdhuru mtu fungu la dhambi linamfuata yeye. Anaongeza kwamba hata kumwambia anayeipokea kuwa ni mbovu hakutoshi, maana huenda huyo anaipokea ili ampe mwingine asiyejua. Ushauri wake ni kwamba itupwe kisimani mahali ambapo mkono hautafika, au iharibiwe isiweze kutumika tena.

Kasha lenye namba 58 ni dirhamu ya namna hiyo. Dhahabu iliyomo ni halali na safi. Kibovu ni ushahidi ulioibandikwa. Mnunuzi wa kwanza ataambiwa. Je, naye atamwambia wa pili? Kasha halitazeeka, na plastiki itaendelea kusema 58 wakati wajukuu wa kijana huyu watakapokuwa wazee. Zaidi ya hayo kampuni hizo hutunza hesabu ya sarafu ngapi zimepata namba ipi, na wanaoandika historia ya sarafu huitumia hesabu hiyo. Katika sarafu 16,198 ambazo nyingi zimekwisha kuyeyushwa au kupotea, kosa moja si dogo.

Kisima cha Ghazali hapa hakihitaji gharama yoyote. Kinahitaji koleo. Kasha huvunjwa, sarafu hutoka bila kuguswa, na kibandiko hurudishwa kwa bahasha ili kampuni ifute namba yake katika hesabu. Wakusanyaji wenyewe hufanya hivyo mara kwa mara.

Sisi si mamufti, na tulimwambia hivyo. Tulikwenda nyumbani kwao siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, tukayasoma haya mbele ya babu, baba na dada mwenyewe. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tunajua ada ya chuo ni kiasi gani. Tulikuwa tunajua. Dada ndiye aliyesema kwamba hataki kusomea uuguzi kwa fedha ya kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Baba hakucheka, lakini aliinuka akaleta koleo.

Plastiki ile ni ngumu. Ilipasuka mara ya tatu. Babu aliishika sarafu kwa vidole vyake bila kioo cha kukuzia chochote, akapapasa ukingo juu ya kichwa cha tembo, akatuonyesha mahali. Ukijua pa kugusa, unahisi.

Kibandiko kiliondoka na barua na nakala ya picha ya bibi. Mnunuzi aliandikiwa ukweli wote, akashukuru, akatoa bei nyingine ambayo ni kubwa kuliko ya dhahabu tupu, ingawa haifiki nusu ya ile ya kwanza. Familia bado haijamjibu. Ada ya muhula wa kwanza imepatikana kwa sehemu kupitia wajomba na kwa sehemu kupitia mchango wa swafu za msikiti wetu, na wanaotaka kutia mkono katika sehemu iliyobaki wamwone katibu wa madrasa baada ya Ijumaa. Sarafu imerudi ndani ya soksi.

Wallahu aalam.